IPv6 Imekwama Kwenye Ruta ya Sebuleni

Fundi aliyekuja kufunga kamera za ulinzi katika duka la jirani yangu alitumia karibu saa nzima akifungua poti, yaani namba za milango ya mawasiliano, kwenye ruta, akiizima na kuiwasha, akibadilisha namba hii na ile, na mwisho akahitimisha kwamba kamera ni mbovu. Kamera zilikuwa nzima. Ukurasa wa hali ya ruta ulionyesha kwamba kwa upande wa nje ruta ile ilikuwa imepewa anwani inayoanza na 100.72, ilhali tovuti zinazomwonyesha mtu anwani yake zilitaja anwani nyingine kabisa. Mwenye kujua maana ya tofauti hiyo anatambua papo hapo kwamba hakuna poti ambayo fundi angeifungua ndani ya duka lile ikafaa kitu, kwa kuwa mlango uliofungwa haukuwa wa duka. Ulikuwa kwa mtoa huduma, na huko mteja hana ufunguo.

Waliosoma shule za bweni wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Shule nzima ilikuwa na S.L.P. moja, na barua zote zilipitia kwa mwalimu wa zamu. Ruta ya nyumbani inayotumia IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti ambao IPv6 ilikuja kuurithi, hufanya kazi ya mwalimu huyo, isipokuwa kwamba bahasha zinazoingia hazina jina la mwanafunzi. Mwalimu hukumbuka tu nani aliandika kwenda wapi, na jibu likirudi humkabidhi aliyeandika. Barua isiyo jibu la barua yoyote haina pa kwenda, nayo hutupwa. Kufungua poti ni kumwachia mwalimu maagizo ya kudumu kwamba barua za aina fulani, hata kama hazijibu chochote, apewe fulani. Utaratibu huu huitwa NAT. Sasa tuchukulie kwamba shule zote za wilaya zimelazimishwa kutumia S.L.P. moja, na kwamba juu ya walimu wa zamu amewekwa karani wa wilaya ambaye hapokei maagizo ya mwanafunzi yeyote. Huyo ndiye CGNAT, yaani NAT iliyo kwa mtoa huduma, na anwani zinazoanza na 100.64 hadi 100.127 zilitengwa rasmi mwezi Aprili 2012 kwa ajili ya mitandao iliyo kati ya karani na walimu. Jirani yangu alikuwa mwanafunzi wa shule mojawapo katika wilaya hiyo.

Haya yote ni matokeo ya hesabu iliyofanywa zamani. Kiwango cha IPv4 kilichapishwa Septemba 1981 kikiwa na anwani za biti 32 (biti ni tarakimu ya 0 au 1), yaani zisizozidi bilioni 4.3, na kwa wakati ule idadi hiyo ilionekana kubwa mno. Mwaka 1994 NAT ilipopendekezwa, watunzi wake wenyewe waliiita suluhisho la muda mfupi. Mwezi Desemba 1995 ikachapishwa IPv6, yenye anwani za biti 128, ambayo kwa idadi inaweza kukipa kila kifaa cha kila nyumba anwani yake bila kumnyang'anya mwingine. Tarehe 3 Februari 2011 akiba kuu ya dunia ya IPv4 ilikwisha kwa kugawa mafungu matano ya mwisho kwa masjala tano za kanda. Masjala ya kwetu, AFRINIC iliyoko Mauritius, ndiyo iliyobaki na akiba kwa muda mrefu kuliko zote, lakini nayo iliingia hatua ya mwisho ya kubana tarehe 13 Januari 2020. Tangu siku hiyo mwombaji hupewa anwani zisizozidi 1,024 kwa mara moja. Achilia mbali kesi ambazo zimeiandama masjala hiyo tangu 2021, hata Mahakama Kuu ya Mauritius ikaiweka chini ya msimamizi mwaka 2023. Mtoa huduma wa Mwanza au Kisumu anayeanza leo na kutarajia wateja 20,000 hana njia ya kumpa kila mmoja wao anwani yake ya IPv4, labda aende kwenye soko la anwani za mitumba, ambako anwani moja imewahi kuuzwa kwa makumi ya dola. Karani wa wilaya hakwepeki.

Kinachopaswa kutushangaza, basi, ni kwamba kiwango cha kuziba pengo hilo kina umri wa miaka 30 na bado hakijafika dukani kwa jirani. Simu zetu zinakijua. Windows, Linux na mifumo ya Apple zimekuwa nacho kwa miaka mingi. Apple ilianza Juni 2016 kukataa programu za simu zisizoweza kufanya kazi katika mtandao wenye IPv6 pekee. Google, YouTube, Facebook, WhatsApp na Netflix zote zinapatikana kwa njia hiyo, na katika vipimo vya Google kwa dunia nzima karibu nusu ya wanaoitembelea huja kwa IPv6. Mwisho mmoja wa barabara uko tayari na mwisho wa pili uko tayari. Katikati pana kisanduku chenye taa nne za kijani, na hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya uzito umelala hapo, katika kifaa ambacho mwenye nyumba hakukichagua, hakijui jina na hana sababu ya kukifungua.

Ni nani basi anayekichagua? Katika nchi nyingi, na kwetu pia, ruta ya faiba huja na huduma. Mtoa huduma huitisha zabuni, watengenezaji hushindana kwa bei, na anayeshusha bei kwa dola moja kwa kila kifaa huwa amemwokolea mnunuzi fedha nyingi, kwa maana zinanunuliwa kwa maelfu. Dola hiyo mara nyingi hukatwa kwenye kumbukumbu. Mfano maarufu ni wa Linksys WRT54G, ruta ya bluu na nyeusi iliyoingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2002 na kuingia katika nyumba nyingi duniani. Matoleo yake ya awali yalikuwa na megabaiti 4 za hifadhi na 16 za kumbukumbu. Toleo la tano la mwaka 2005 likashushwa hadi megabaiti 2 na 8. Programu yake ya kiwandani haikuwa na IPv6, na baada ya punguzo hilo haikubaki nafasi ya kuiongezea. Wapenzi wa mfumo huru wa OpenWrt waliweza kuiweka kwenye matoleo ya mwanzo kwa sababu tu kifaa kilikuwa na nafasi, na leo OpenWrt haohao wanaonya watu wasinunue ruta yenye megabaiti 4 za hifadhi na 32 za kumbukumbu, kwani haitoshi tena.

Tena programu ya ndani ya ruta haiandikwi na mtu mmoja. Mtengenezaji wa chipu huandaa msingi, mtengenezaji wa ruta huongeza kurasa zake, mtoa huduma huagiza nembo yake na kuficha menyu asizotaka wateja waguse, kisha kifaa huning'inizwa ukutani na hakiguswi tena hadi kipigwe na radi. Kasoro ikigunduliwa mwaka wa tatu, kila mmoja katika mnyororo huo humwelekeza mlalamikaji kwa mwenzake. Nilipoifungua ruta yangu mwenyewe nilikuta menyu ya IPv6 ipo, imezimwa. Nilipopiga simu huduma kwa wateja, kijana mwenye adabu nyingi alinishauri niizime ruta kwa sekunde 30 kisha niiwashe. Simlaumu, hilo ndilo jibu aliloandikiwa.

Hapa ndipo maneno "inatumia IPv6" yanayochapwa kwenye maboksi yanapohitaji kukaguliwa, kwa sababu yanaweza kuwa ya kweli na yasimfae mteja kwa lolote. Ruta inaweza kupokea anwani moja ya IPv6 kwa ajili yake yenyewe na isijue la kufanya na vifaa vilivyo nyuma yake. Ili nyumba nzima ifaidike, ruta lazima imwombe mtoa huduma kiambishi, yaani sehemu ya mwanzo ya anwani ambayo vifaa vyote vya ndani vitaishiriki. Utaratibu wa kuomba kiambishi ulisanifiwa mwaka 2003. Kisha lazima ikigawe kiambishi hicho, ikitangaze kwa vifaa vya ndani, iviambie iko wapi seva ya majina, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, na isimame mlangoni kama ngome (firewall). IETF, jumuiya ya wahandisi inayotunga viwango vya intaneti, iliorodhesha mahitaji haya ya ruta za nyumbani kwa mara ya kwanza Aprili 2011, ikayarekebisha Novemba 2013 katika waraka wa RFC 7084 (RFC ni nyaraka zake zenye namba), na ikaongeza mwaka 2019, katika RFC 8585, njia za kubebea IPv4 juu ya mtandao wa IPv6. Nyaraka hizo ni fupi, zimeandikwa kwa lugha ya masharti, na hutolewa bure. Anayeandika zabuni ya ruta na asitaje hata mojawapo hana wa kumlaumu atakapoletewa maboksi yenye maneno matupu.

Suala la kiambishi linastahili kuelezwa zaidi, maana ndipo ubahili wa zama za IPv4 unapojitokeza mahali usipohitajika. Mtandao mmoja wa IPv6 wa nyumbani hutumia biti 64 kwa ajili ya kiambishi na 64 kwa ajili ya kifaa. Mtoa huduma akimpa mteja kiambishi cha biti 64, amempa anwani zaidi ya bilioni bilioni 18, idadi ambayo kwa mtu wa IPv4 ni kufuru. Lakini kwa namna IPv6 ilivyosanifiwa, mteja huyo amepata mtandao mmoja tu ambao hauwezi kugawanywa ipasavyo, kwa hiyo Wi-Fi ya wageni, mtandao wa kamera na ruta ya pili ya ghorofani zote zinakosa nafasi. Ndiyo maana jumuiya ya watoa huduma wa Ulaya, RIPE, ilishauri, katika waraka wake namba 690 wa Oktoba 2017, kwamba mteja apewe kiambishi cha biti 56, chenye mitandao 256, au cha biti 48, chenye mitandao 65,536, na kwamba kisibadilishwebadilishwe. Mhandisi aliyezoea kuhesabu anwani kama mchele wa mgawo huisoma sentensi hiyo mara mbili. Anayempimia mteja wake biti 64 haokoi chochote, kwa kuwa IPv6 haikusanifiwa kwa mizani hiyo.

Kubadilika kwa kiambishi kuna kasoro yake, na hiyo sisi wa nchi za umeme wa kukatikakatika tunapaswa kuijua kuliko mtu wa Amsterdam. Ruta inapovitangazia vifaa vya ndani kiambishi, hutaja pia muda ambao kitaendelea kutumika, na katika kiwango cha 2007 muda wa kawaida ni siku 7 za kupendelewa kwa mawasiliano mapya na siku 30 za kuwa halali. Sasa umeme ukatike. Ruta huzimika, na ikiwaka huomba upya na pengine hupewa kiambishi kingine, kwa kuwa watoa huduma wengi hawamtunzii mteja kiambishi kimoja. Kama haikuandika mahali popote ilichokuwa imetangaza kabla ya giza, haikumbuki. Lakini kompyuta yenye betri, iliyounganishwa kupitia swichi au kituo cha pili cha Wi-Fi kilichokuwa kwenye betri ya akiba, inakumbuka vizuri sana, nayo inaweza kuendelea kutuma pakiti kwa anwani ya zamani ambayo majibu yake hayarudi tena nyumbani. Mtumiaji huona kurasa zinazofunguka nusu na nyingine zinazogoma, hulaani intaneti, na anayeelewa kidogo huzima IPv6 kabisa na tatizo humwisha. IETF ililieleza tatizo hili Machi 2021, na mwezi Agosti mwaka huohuo ikatoa RFC 9096 inayozitaka ruta ziandike kiambishi walichopewa wateja kwenye hifadhi isiyofutika, zikiwaka zitangaze kwamba cha zamani kimekwisha, na zipunguze muda wa kawaida kutoka siku hadi dakika. Ruta ngapi kati ya zinazofungwa leo mitaani kwetu zinatii waraka huo ni swali ambalo mnunuzi angelijibu kwa kuchomoa waya wa umeme.

Kuhusu usalama, wapo wanaoiona NAT kama mlinzi na IPv6 kama kuvunja ukuta wa uani. Hofu yao ina asili. Mwaka 2007 Apple ilitoa ruta yake ya AirPort Extreme ikiwa na njia ya IPv6 iliyowashwa tangu kiwandani, huku mpangilio wa kuzuia maunganisho yanayotoka nje ukiwa umezimwa. Watu waliodhani kompyuta zao zimejificha nyuma ya NAT wakawa wanafikika kutoka popote kwa IPv6 bila kujua. Kasoro ilisajiliwa katika orodha ya udhaifu ya mwaka huo, na mpangilio ukarekebishwa kwa toleo jipya la programu. Lakini tukio lile lilitokana na ngome iliyosahauliwa. NAT humwacha mgeni nje kwa sababu haijui ampeleke wapi. Ngome humwacha nje kwa sababu imeambiwa asiingie, na ya pili inafanya kazi sawasawa kwenye IPv6. Waraka wa RFC 6092 wa Januari 2011 ulieleza jinsi ruta ya nyumbani inavyoweza kuzuia kila kinachotoka nje bila kuitwa na kuruhusu majibu yapite. Msimamo wangu ni kwamba ngome ifungwe tangu kiwandani, na mwenye nyumba apewe ukurasa unaoeleweka wa kuifungua kwa kifaa kimoja kwa wakati. Ninachokiona kwenye ruta nyingi ni swichi moja tu: fungua yote au funga yote. Huko ni kumpa mtu nyumba yenye mlango mmoja na kufuli moja kwa vyumba vyote, halafu kumwambia achague kati ya kulala nje na kulala wazi.

Ipo pia hofu ya faragha, kwamba anwani ya IPv6 hubeba namba ya kudumu ya kifaa. Ilikuwa hivyo katika mpango wa awali. Tangu 2001 upo utaratibu wa anwani za muda zinazobadilika, na mifumo ya simu na kompyuta za leo huutumia bila kuulizwa.

Nchi inayofundisha zaidi kuhusu mambo haya ni Ufaransa, kwa mafanikio yake na kwa mipaka yake. Mwishoni mwa mwaka 2007 kampuni ya Free ilitumia wiki tano tu, tangu wazo la mhandisi Rémi Després lilipowafikia hadi wateja zaidi ya 1,500,000 walipoweza kupata IPv6, kwa sharti moja tu kwamba mteja aiwashe. Wiki tano ziliwezekana kwa sababu Free ilikuwa ikisanifu ruta yake yenyewe, Freebox, na kuandika programu yake; haikuwa na mnyororo wa kulaumiana. Watoa huduma waliotegemea maboksi ya wengine walichukua miaka. Bunge nalo likaingilia kati: sheria ya tarehe 7 Oktoba 2016 ilitamka kwamba kila kifaa kipya cha mtumiaji kitakachouzwa au kukodishwa nchini humo kuanzia tarehe 1 Januari 2018 lazima kiendane na IPv6. Ni sentensi moja katika sheria ndefu ya mambo ya dijitali, na ndiyo aina ya sentensi ninayoitamani hapa.

Hata hivyo sheria ilisema "kiendane", haikusema "kiwashwe". Arcep, mamlaka ya mawasiliano ya Ufaransa, hutoa takwimu zinazotenganisha wateja wanaoweza kupata IPv6 na wale ambao kweli imewashwa kwao, na pengo kati ya safu hizo mbili liliendelea kuonekana kwa baadhi ya kampuni miaka kadhaa baada ya sheria. Free yenyewe ilikuwa imewaachia wateja wake wa 2007 kazi ya kuiwasha, na mteja wa kawaida hawashi kitu asichokijua. Ilipofika zamu ya kugawa masafa ya 5G, Arcep iliweka IPv6 katika masharti ya leseni, ikitaka mitandao ya simu iwe tayari kufikia mwisho wa mwaka 2020. Leo Ufaransa ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani. Na bado IPv4 haijafa huko: baadhi ya wateja wa Free wanashirikiana anwani moja watu wanne, kila mmoja akiwa na robo ya poti 65,536. Tofauti na jirani yangu ni kwamba wao, hata wakibanwa kwenye robo hiyo, wana njia ya pili iliyo wazi.

Najua nitakavyojibiwa. Watumiaji wengi wa Tanzania, Kenya na Uganda huingia mtandaoni kwa simu, si kwa faiba, kwa hiyo ruta ya sebuleni ni shida ya wachache wenye nafasi. Hoja hiyo ina ukweli, na mfano wa India unaiunga mkono, kwani kilichoipandisha India hadi safu ya mbele ni mtandao wa simu wa Jio ulioanza Septemba 2016 ukiwa na IPv6 tangu siku ya kwanza. Lakini simu hubadilishwa kila baada ya miaka michache na mwenyewe, kwa fedha zake, ilhali ruta iliyofungwa leo kwenye nyumba mpya ya Kigamboni au Ruiru itakuwa palepale hadi mwenye nyumba atakapohama. Tunafunga maboksi ya muongo ujao sasa hivi. Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoingia Rwanda na Kenya mwaka 2023, huwaweka wateja wake wa kawaida nyuma ya CGNAT kwa IPv4, lakini huwapa kiambishi cha IPv6 cha biti 56. Mteja wa kijijini mwenye dishi juu ya bati anaweza kuwa na anwani bora kuliko wa mjini mwenye faiba, mradi ruta yake iweze kukipokea na kukigawa kiambishi hicho.

Jibu la pili, la watoa huduma, ni la gharama: kuendesha mitandao miwili kwa pamoja ni kazi mbili kwa mshahara mmoja. Hapa nadhani hesabu inafanywa upande mmoja. Mitambo ya CGNAT hununuliwa kwa kadiri ya wingi wa data inayopita ndani yake, na kila video ya YouTube au Netflix inayokwenda kwa IPv6 haipiti humo. Kwa kuwa data nyingi ya nyumbani ni video za kampuni hizohizo chache zilizo tayari, kuiwasha IPv6 kwenye ruta ni kumpunguzia karani mzigo bila kumwajiria msaidizi. Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye vitabu. Anwani moja ikishirikiwa na mamia, kosa la mmoja huwafungia wote, na mpelelezi anayetafuta mhalifu hupewa orodha ya watu. Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, ililalamikia jambo hilo waziwazi Oktoba 2017. Mtoa huduma hulazimika kutunza kumbukumbu za nani alitumia poti ipi saa ngapi, na kumbukumbu hizo ni mlima. Kama kuendesha mitandao miwili kunachosha, RFC 8585 inaruhusu mtandao wa ndani uwe wa IPv6 pekee na IPv4 ibebwe mgongoni mwake, ilimradi, kwa mara nyingine tena, ruta ya mteja iwe inajua kufanya hivyo.

Sababu iliyobaki ya ukimya huu ni kwamba hakuna anayepiga kelele. Vivinjari na simu za leo vimefundishwa kujaribu IPv6 kwanza na, jibu lisipokuja haraka, kugeukia IPv4. Muda unaopendekezwa kati ya jaribio na jaribio ni robo ya sekunde. Ni ufundi wa kiungwana uliowaokoa watu wengi na mitandao mibovu, lakini una ubaya wake, kwani ruta yenye IPv6 iliyoharibika huonekana nzima, iliyo nayo imezimwa huonekana sawa na iliyowashwa, na simu za malalamiko hazilii. Mwenye kamera hulalamikia kamera. Kijana anayecheza michezo ya mtandaoni na wenzake hulalamikia kasi.

Kwa hiyo sidhani kwamba kampeni za kuelimisha watumiaji zitafika mbali. Mahali pa kukaza ni pawili tu: zabuni ya mtoa huduma na kibali cha kuingiza kifaa sokoni. TCRA kwa Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya tayari zina utaratibu wa kuidhinisha aina za vifaa kabla havijauzwa, na ramani ya IPv6 ya India ya mwaka 2013 inaonyesha kwamba serikali inaweza kuwawekea watoa huduma tarehe zinazohusu hata vifaa vya nyumbani kwa mteja. Sharti lisiishie kwenye neno "kiendane", maana Wafaransa wametuonyesha linavyopwaya. Lidai kwamba IPv6 iwe imewashwa ruta inapotoka kwenye boksi, kwamba RFC 7084 na RFC 9096 zitajwe kwa namba, na kwamba mtengenezaji aahidi kwa maandishi miaka ya kuendelea kutoa marekebisho ya programu.

Ukaguzi wenyewe ungemchukua mtu mmoja mchana mmoja. Aunganishe ruta mpya bila kugusa mpangilio wowote na aone kama simu iliyo ndani inapata anwani ya IPv6. Aipe kiambishi cha biti 56 na aone kama Wi-Fi ya wageni inapata mtandao wake. Ajaribu kuingia kutoka nje bila kualikwa na aone kama anazuiwa, kisha afungue njia kwa kifaa kimoja na aone kama ni hicho tu kinachofikika. Na mwisho achomoe waya wa umeme, abadilishe kiambishi upande wa mtoa huduma, aurudishe waya, na aitazame kompyuta iliyoachwa kwenye betri. Yangu ya sebuleni ingeanguka hapo mwanzo kabisa, kabla hajafika kwenye waya.